Napiga Windows 7, kibodi na mausi vinakufa kwenye kuchagua lugha

mtu_wa_stoo:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nimechukua desktop ya mtumba, i5 kizazi cha 6, nataka niipige Windows 7 maana programu ya stoo hapa dukani ni ya kitambo na bosi hataki kusikia habari ya nyingine. Kwenye BIOS (ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijaanza) kibodi iko freshi kabisa, nabuti na DVD inaenda vizuri, ikifika tu kwenye kidirisha cha kuchagua lugha taa ya mausi inazima na kibodi haisikii kitu. Nimehamisha poti zote mbele na nyuma, nimeazima kibodi kwa jirani, wapi! Niirudishe au?

fundi_k:
Usirudishe mkuu, mashine nzima hiyo. Windows 7 ni ya 2009, ina draiva (programu za kuendesha vifaa) za USB mpaka 2.0 tu. Mashine za nyuma zilikuwa na kontrola (chipu inayoendesha poti) ya 2.0 yake peke yake, ukichomeka poti nyeusi, ile ya 2.0, maisha yanasonga, ila kuanzia Skylake ya 2015, ndo hicho kizazi cha 6, Intel wakaitoa, poti zote hata nyeusi zinapitia kontrola ya 3.0. BIOS inaisoma kibodi yenyewe ndo maana unaona inakubali, Windows ikishapokea haina draiva, kimya. Cheki nyuma kama kuna tundu la duara la PS/2, lile la kibodi na mausi za zamani, halipitii USB.

mtu_wa_stoo:
Lipo moja, nusu zambarau nusu kijani. Nikitumia kile kiadapta cha USB kwenda PS/2 si fresh tu?

fundi_k:
Kibodi nyingi za siku hizi hazikubali kile kiadapta, tafuta ya PS/2 yenyewe, kwa mafundi zimejaa vumbi tu. Chomeka mashine ikiwa imezimwa. Mausi achana nayo, Tab, mishale na Enter vinatosha.

dada_wa_it:
Mi ningejaribu kwanza hiyo programu kwenye Windows 10, bofya kulia, Properties, Compatibility, chagua 7. Zipo nyingi za kizamani zinakubali. Windows 7 Microsoft waliitupa, masasisho ya usalama ya bure hakuna, tangu 14 Januari 2020, kama bosi kakaza basi hiyo mashine isiguse intaneti kabisa.

fundi_k:
Kweli dada. Na mtu wa stoo, draiva ya USB 3.0 ichome kwenye DVD mapema, ukimaliza kupiga windo hata flashi haitasomeka mpaka uiweke.