Mrejesho: kobe wa nyota aliyeacha kula

Niliwauliza kwa nini kobe wangu wa nyota, ambaye asili ya jamii yake ni India, Pakistani na Sri Lanka, alisusa chakula masika yalipoanza hapa Unguja, na kwa nini hujifungia gambani kila akibebwa. Kama mlivyonielekeza, nimelikausha banda lake, maana ubaridi wenye unyevu huweza kumletea maradhi ya mapafu, nikaondoa maembe (watoto walinuna) na kumpa nyasi, majani na mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi), anaoutafuna mpaka mdomo ukajaa unga. Sasa anakula. Ushauri wa kumtafutia mwenza sikuukubali, kwani biashara ya kimataifa ya kobe hao wa porini imepigwa marufuku tangu 2019. Kubebwa bado hapendi. Ni haya ya maumbile, si ugonjwa, hivyo watoto humtazama tu.