Picha za kitabu cha nyota zikipotea, hati asili iendelee kufungiwa?

Kaskazi: Wakuu, tujadili hili. British Library, London, ina hati ya Kilatini iitwayo Harley 647, kitabu cha nyota kilichoandikwa upande wa Reims, Ufaransa, mnamo miaka ya 820. Ndani mna shairi la Mgiriki Aratus, lililogeuzwa Kilatini na Cicero akiwa kijana, pamoja na michoro ya makundi ya nyota. Miili ya michoro hiyo imejazwa maandishi: manyoya ya Sungura ni maneno ya Hyginus, mwandishi wa Kirumi. Hati za aina hii msomaji huelekezwa kwenye picha za mtandaoni. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia maktaba, picha zikatoweka kwa muda mrefu. Nasema mtafiti apewe hati yenyewe. Picha zisiwe sababu ya kumfungia mlango.

Fundi Jalada: Napinga. Hati hii ni ya ngozi, na ngozi ya miaka 1,200 kila ikikunjuliwa rangi yake inateseka. Dawa ni nakala nyingi katika maktaba nyingi. Maktaba ya Cotton, hazina ya hati za kale huko London, iliungua 1731, tukajifunza nini? Isitoshe, watawa walioiandika walikuwa wanakili tu, hata juu hawakutazama.

Mwana wa Misheni: Hapo kwa watawa umenigusa pabaya. Mimi nimelelewa na Wabenediktini. Mtawa aliamka usiku kusali, na saa aliijua kwa nyota. Gregory wa Tours, karne ya 6, aliandika kitabu cha kufundisha hilo hilo. Walcher wa Malvern akapima kupatwa kwa mwezi kwa astrolabu, chombo cha kupimia nyota, tarehe 18 Oktoba 1092. Hao nao hawakutazama juu?

Fundi Jalada: Walcher alikuja baadaye sana, sisi tuko 820. Na nyota za kwenye michoro hii hazikai zinapokaa angani. Toka nayo nje usiku uone kama itakufikisha popote.

Bi Matlai: Kwani nani alisema mchoro ni wa kutembelea usiku? Babu yangu alikuwa nahodha, na nyota zake zilikuwa kichwani. Tumefundishwa juu ya Kilimia, lile kundi la nyota: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Aratus naye anakiita Kilimia dalili ya kiangazi, baridi na majira ya kulima. Shairi unalihifadhi moyoni, nyota unaziangalia juu. Mwanangu Fundi, usidharau elimu kwa sababu picha yake haijanyooka.

Fundi Jalada: Shikamoo, Bi Matlai. Sijadharau elimu ya mabaharia hata kidogo. Nimesema watawa.

Mdadisi 816: Si ndiyo ile yenye sayari zilizochorwa, wataalamu wakalinganisha na anga wakapata mwaka 816? Basi walitazama!

Kaskazi: Hapana mkuu, hiyo iko Leiden, Uholanzi, na shairi lake ni tafsiri ya Germanicus, si ya Cicero. Tafadhali tusichanganye, ndipo mijadala hii inapoharibikia. Na hata huo mchoro wa sayari, kulingana na anga hakutuambii kama aliyechora alitazama au alipiga hesabu.

Fundi Jalada: Turudi kwenye hoja yako. Miaka ya 1830 William Ottley, mtaalamu wa sanaa Mwingereza, aliitetea Harley 647 kuwa ya karne ya 2 au ya 3, kwa sababu ya zile herufi kubwa za Kirumi ndani ya michoro. Hakuwa akitazama picha ya mtandaoni. Hati yenyewe haikumzuia kukosea zaidi ya miaka 500.

Kaskazi: Alikosea kwa hoja, si kwa macho. Shairi chini ya michoro limeandikwa kwa mwandiko mdogo wa enzi ya mfalme Charlemagne na wanawe, karne ya 8 na ya 9. Upande wa ngozi wenye vinyweleo na ule wa nyama, tundu za kuongozea mistari, wino uliokwanguliwa: picha ya kawaida iliyopigwa kwa mbele inaficha mengi ya hayo. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kuvigusa atajifunza kupima umri wa hati wapi?

Fundi Jalada: Kwenye hati za kawaida, zipo maelfu. Hii iacheni.

Mwana wa Misheni: Fundi, umemjibu kila mtu ila mimi. Gregory ni karne ya 6. Hiyo ni kabla ya 820, si baada.