Ganzi mpya ya zaidi ya dola 300: ipimwe kwa maji ya chumvi au kwa ganzi ya zamani?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu yuko Marekani na alifanyiwa upasuaji wa goti. Akanitumia picha ya bili, nikaona mstari mmoja wa Exparel. Nikafukua. Kumbe ni bupivakeni, ganzi ileile inayochomwa mgongoni kwa mama anayezaa kwa upasuaji hapa kwetu, ila wameifungia ndani ya vitone vidogo vya mafuta ili itoke polepole. Daktari anaichoma kuzunguka kidonda kabla ya kufunga. Chupa ya mililita 20 inazidi dola 300. Bupivakeni ya kawaida ni dola chache tu.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mwaka 2011 FDA, yaani mamlaka ya dawa ya Marekani, iliiruhusu kwa majaribio mawili: moja la waliopasuliwa nundu ya kidole gumba cha mguu, lingine la waliokatwa bawasiri. Yote mawili yaliilinganisha na maji ya chumvi. Hakuna aliyechomwa bupivakeni ya kawaida tukaona nani mbabe.

Kwangu hiyo ni sawa na kumpiganisha bondia na gunia halafu kumvika mkanda. Mnasemaje?

Mfamasia wa Mtaa

Mkuu, mfano wako unachekesha lakini umeruka jambo. Maumivu hayapimwi kwa mizani. Mgonjwa anaulizwa, kuanzia sifuri hadi kumi yanauma kiasi gani, naye anajibu anavyojisikia. Sasa ukilinganisha dawa mbili zikatoka sare, utajuaje kwamba zote zimefanya kazi? Inawezekana zote hazikufanya kitu na wagonjwa wangepata nafuu hivyohivyo. Maji ya chumvi ndiyo yanayokuonyesha kama jaribio lenyewe lina macho.

Pia usidhani waliochomwa maji waliachwa walie. Mwenye maumivu alipewa dawa nyingine ya kutuliza, na kiasi alichohitaji kikahesabiwa. Kundi lililohitaji kidogo ndilo lililofaidika.

Msela wa Kinondoni

Bado ni ukatili. Mtu umempasua halafu unamchoma maji?

Mfamasia wa Mtaa

Alikubali kwa saini, kaka. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, halikatazi moja kwa moja. Linataka sababu nzito ya kisayansi, na mgonjwa asiongezewe hatari ya madhara makubwa.

Mlaza Watu (niko idara ya usingizi, mwaka wa kumi na mbili huu)

Nyote wawili mko sahihi, ila mnajibu maswali mawili tofauti. Mamlaka inauliza: je, dawa hii inafanya kazi? Kwa hilo maji ya chumvi yanatosha. Hospitali inauliza: je, niache ninayoitumia ninunue hii? Kwa hilo maji ya chumvi hayakusaidii chochote, kwa sababu hakuna hospitali inayotibu maumivu kwa maji ya chumvi. Na kosa, kwa maoni yangu, linaingia pale jibu la swali la kwanza linapouzwa kama jibu la la pili.

Ulinganisho ulikuja baadaye, mleta mada. Februari 2021 jarida la Anesthesiology lilichapisha mapitio ya majaribio 76 ya dawa hii. Ilipochomwa kwenye kidonda na kulinganishwa na ganzi za kawaida, majaribio 36 yalipatikana, na ni 4 tu yaliyoonyesha nafuu ambayo mgonjwa angeihisi. Kuna hesabu nyingine mle ambayo naipenda zaidi. Majaribio yaliyofanywa ovyo, yenye mwanya mkubwa wa upendeleo, 16 kati ya 19 yaliipata dawa "imeshinda". Yale yaliyofanywa kwa umakini, 4 kati ya 28.

Ukisoma namba hizo mbili pamoja huhitaji shahada.

Msela wa Kinondoni

Kampuni ikasemaje?

Mlaza Watu

Ikaenda mahakamani. Aprili 2021 Pacira, watengenezaji, waliwashtaki chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani na waandishi kwa kuichafua bidhaa yao. Februari 2022 mahakama ya New Jersey ikaitupa kesi. Wakakata rufaa, na Machi 2023 wakashindwa tena. Mahakama ilisema hitimisho la kisayansi ambalo bado linabishaniwa ni maoni, na mwenye maoni tofauti ajibu kwa utafiti wake.

Mfamasia wa Mtaa

Nakubali kushindwa kwenye namba, siyo kwenye nia. Wenzetu kule wana janga la vidonge vya jamii ya mofini. Wapo walioanza na vidonge vya baada ya upasuaji wakaishia kwenye uraibu. Ndiyo maana Bunge lao likapitisha sheria, na tangu Januari 1, 2025 bima ya wazee inalipia dawa za aina hii, zisizo jamii ya mofini, kando, nje ya kifurushi cha upasuaji. Nchi yenye tatizo hilo ina haki ya kulipa zaidi.

Mama Watatu

Samahani kwa kuingilia, mimi si wa idara. Wanangu wote watatu nimezaa kwa kupasuliwa, hospitali sitaitaja. Sindano ya mgongo iliisha nikiwa bado sijafika wodini vizuri. Nikachomwa diklofenaki na kuambiwa "vumilia mama, ndiyo uzazi." Usiku ule sikuweza kumgeuza mtoto anyonye upande wa pili.

Sasa nasoma hapa mnabishana dola 300. Swali langu ni la bure: hiyo ya dola chache, iliyokuwa kabatini wakati nashonwa, kwa nini hakuna aliyenichoma kwenye kidonda?

Msela wa Kinondoni

Hapo pazito.

Mlaza Watu

Dada, pole sana. Nimeandika jibu mara mbili nikafuta.

Jibu la kweli ni mazoea. Daktari anayepasua anadhani maumivu ni kazi yangu, mimi nadhani nimemaliza mgonjwa anapotoka thieta, na nesi wa wodi anapokea cheti kilichoandikwa diklofenaki.

Sababu za kitaalamu zipo, ila haziukatai mchomo. Bupivakeni nyingi ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo, na moyo huo ni mgumu kuuamsha. Madaktari walitahadharishwa tangu 1979. Kwa hiyo unahesabu kwa uzito: miligramu 2 kwa kilo ni kiwango cha tahadhari, maana yake mama wa kilo 60 asizidi miligramu 120. Ile ya nguvu ya asilimia 0.25 ni mililita 48, inatosha kuzunguka kidonda chote na kubaki. Unavuta sindano nyuma kwanza uone kama kuna damu. Na thieta iwe na lipidi ya asilimia 20, yaani mafuta maalumu ya kuchoma mshipani, ambayo ndiyo dawa ya kuokoa ikitokea ajali.

Utafiti wake upo pia. Mwaka 2009 mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Kusini, yaliona kwamba akina mama waliochomwa ganzi kwenye kidonda cha uzazi walihitaji mofini pungufu kuliko wasiochomwa. Palipo na mofini ndani ya sindano ya mgongo, faida hiyo hupungua sana, kwa sababu mofini tayari inafanya kazi. Ukisoma utafiti wa hospitali kama hiyo utasema ganzi ya kidonda ni upuuzi. Wewe hukupewa mofini. Kwako ingekuwa jambo jingine kabisa.

Mleta mada

Basi swali langu lilikuwa nusu. Siyo tu "ilinganishwe na nini", ni "na kabati la nani".

Mfamasia wa Mtaa

Na hapo ndipo ninapolia. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilikadiria tani 298.5 za dawa jamii ya mofini zinagawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zikipata tani 0.1. Uganda wamejitahidi, mofini ya maji wanaitengeneza wenyewe na nesi aliyefunzwa anaruhusiwa kuiandika. Wengine tunaogopa uraibu wa Wamarekani kabla hata hatujapata dawa.

Msela wa Kinondoni

Kwa hiyo Exparel tusinunue?

Mlaza Watu

Kwa pesa ya chupa moja niletee bupivakeni ya kawaida na lipidi ya kuokolea. Nitakushukuru mwaka mzima.

Mama Watatu

Asante daktari. Mdogo wangu anapasuliwa Alhamisi. Nimwambie aulize nini, na amuulize nani? Maana wakishamlaza hataulizwa.

Mlaza Watu

Amuulize mtu wa usingizi anapokuja kumwona siku moja kabla, na amuulize hivi: "Mkimaliza kushona, mtanichoma ganzi kwenye kidonda? Na usiku nikiumwa nimeandikiwa nini?" Aje na uzito wake, upimwe, usikisiwe.

Mama Watatu

Nimeandika kwenye karatasi. Nitampa na ya akiba, moja ampe mume wake.