Eti tuzo ya historia ya kemia ni "tuzo ya makarani"?? Leo nimechoka na huyu mtu!

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule wa koti jeupe ambalo halijawahi kuona hata tone la asidi.

Leo kikaoni nimesimama kwa adabu zangu zote, nikasema jamani, na sisi tupendekeze mtu kwenye tuzo ya historia ya kemia. Hata sijafika kwenye nukta, jamaa kakohoa, kawageukia wanafunzi, kasema: "Hizo si tuzo za makarani?" MAKARANI! Mbele ya wanafunzi! Na wamecheka, hadi yule ambaye ripoti zake huwa nazisahihisha mpaka kalamu inaisha wino.

Eva Armstrong, aliyetunza mkusanyiko wa historia ya kemia wa Edgar Fahs Smith pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akapewa Tuzo ya Dexter, ya historia hiyo hiyo ya kemia, 1958, karani? Partington, mwandishi wa historia ya kemia, akapewa 1961, karani? Mary Elvira Weeks, aliyetuandikia jinsi elementi zilivyogunduliwa, akatuzwa 1967, naye karani? Dexter ilitolewa kuanzia 1956 hadi 2001. Upande wa taarifa za kemia kuna ya Herman Skolnik tangu 1976. Kumbe miaka yote hiyo watu wazima wanavaa tai kwenda kupigia makofi makarani!

Na alivyokohoa kwanza. Kile kikohozi. Kilikuwa cha makusudi, nakiapia.

Sasa sikieni. Jua halijazama, ujumbe huo: "Samahani, nisaidie namba ya CAS ya toluini." Namba ya CAS, ile ya kutambulisha kila kemikali! Anadhani zinaota kwenye vizibo vya chupa? Chemical Abstracts, zilikotoka namba hizo, imeanza 1907, watu wakisoma majarida ya dunia nzima na kufupisha makala moja baada ya nyingine. E. J. Crane peke yake kaihariri tangu 1915 hadi 1958! Ndiyo maana jina lake liko kwenye tuzo, pamoja na la Patterson, mhariri aliyemtangulia. Makarani hao hao!

Nimemtumia 7732-18-5. Kajibu "ubarikiwe".

Hayo ni maji.

MAKARANI, wakuu. Mbele ya wanafunzi.

Bin Pipeti: 😂😂😂 Akiagiza toluini akaletewa maji, njoo utupe mrejesho. Nimekaa pale.

MoliMoja: Angeweza hata kuhakiki. Tarakimu ya mwisho ya namba ya CAS hupatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile za mbele.

Bin Pipeti: Mkuu, huyo ahesabu? Hata kusawazisha mlinganyo anamtuma msaidizi.

Mvuke Baridi: Samahani mleta uzi. Uliyetaka apendekezwe ni nani? Isije ikawa ni wewe mwenyewe.

Mleta uzi: Hilo halihusiani na mada.

Mvuke Baridi: 😂😂😂😂 HALIHUSIANI NA MADA

MoliMoja: Kwa hiyo karani ni wewe. Pole sana mkuu, lakini nimecheka.

Mleta uzi: Hamkuwepo. Hamkusikia kile kikohozi.

Mama Katalogi: Nyie mnalia na kikohozi? Mimi mkutubi. Huyo huyo mnayemsema aliazima juzuu la Beilstein, ile rejea kubwa ya Kijerumani ya kemia ya kaboni, kalirudisha lina duara la kahawia katikati ya ukurasa. Kaweka bika, kikombe cha maabara, juu ya Beilstein! Kazi iliyoanza kuchapwa 1881, yeye kaifanya mkeka. Nilipomuuliza kasema "siku hizi si yote yako kwenye kompyuta". Kijerumani chenyewe hajui, sijui alikuwa anaangalia nini humo.

Bin Pipeti: Bika lenye nini?

Mama Katalogi: Sikunusa.

Mleta uzi: Mnaona sasa? Dharau ile ile! Tukirudi kwenye lile neno la makarani…

Asidi Hafifu: Kwa vile mabika yametajwa. Kuna mtu maabara yetu anaacha vyombo vichafu sinkini wiki nzima, anabandika karatasi "vinaloweka". Vinaloweka nini? Vimeshaota ukungu wa rangi tatu!

Mvuke Baridi: Huyo tunaye na huku. Wetu haandiki hata karatasi.

MoliMoja: Bora sinkini. Wetu anaacha bureti, ule mrija wa kupimia, imejaa hidroksidi ya sodiamu, koki ya kioo imeganda, halafu anauliza nani kaivunja.

Asidi Hafifu: Fungueni uzi wa bureti, nina mengi.

Bin Pipeti: Uzi upi tena, tuko humu humu. Leta.