Tupeane uzoefu: kinanda chako cha kutengenezea muziki nyumbani ulikichaguaje?

Mpiga kinanda, Moro
Wakuu habari zenu. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mwezi kuna kijana wa kwaya ananifuata na swali lile lile, nina laki nane nataka kinanda cha kutengenezea nyimbo geto, nichukue kipi, na mi nikimuuliza unataka kikufanyie nini ananyamaza. Kwa hiyo usitaje modeli tu, tuambie ulikua unatafuta nini na ulichopata ni nini.

Naanza mimi. Cha kwanza kilikua Yamaha ya PSR-E, ni arenja, yaani mkono wa kushoto unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) afu ngoma, besi na gitaa zinakufuata zenyewe, huo usindikizaji wa ndani ndo tunaita staili. Kusindikiza kwaya kilinitosha kabisa na bado nakipenda. Ila nilipoanza kutunga nikawa nataka besi itembee ninavyoisikia mimi kichwani, ile ya sebene inayorukaruka, na staili inakuja na besi yake. Nikakaa miaka nachanga, nikachukua Korg Kross 2, hii ni wokstesheni, ina sikwensa ya traki 16, unapiga ngoma unairekodi, unarudi mwanzo unaweka besi juu yake, afu gitaa, afu vinubi, kila kitu ni vidole vyako mwenyewe. Inatumia pia betri sita za AA, zile ndogo za rimoti, na siku moja umeme ulikatika saa mbili usiku nikavaa hedifoni nikaendelea, mpaka unarudi wimbo mzima ulikua umekaa, ubeti na kiitikio. Kwaya wanauimba mpaka leo. Haya karibuni.

Mdau wa Kariakoo
Mkuu asante kwa uzi. Mi nilinunua mtumba wa Japani, sinthesaiza kubwa nzuri haina hata mkwaruzo, nimefika nayo nyumbani nikachomeka ukutani moja kwa moja, skrini ikawaka kama sekunde mbili hivi ikazima, ikaanza harufu ya kuungua. Nyuma pale waya unapoingilia paliandikwa AC 100V, herufi ndogo tu, na umeme wetu ni 230. Fundi alibadilisha saplai ya umeme nzima, bei karibu nusu ya niliyonunulia, nililia jamani. Saa hizi napitisha kwenye transfoma ya kushushia umeme na haijasumbua tena.

Na mnaotumia adapta, angalieni kale kaduara kamechorwa na alama ya + na -. Kuna vinanda chanya iko katikati na vingine hasi ndo iko katikati, kichwa kinaingia vizuri kote kote lakini ukikosea unaua kinanda. Volti ikilingana peke yake haitoshi.

Dada wa Tanga
Shikamooni kaka zangu. Kwetu ni taarabu, na shida yangu ilikua nyingine kabisa. Nilikua na kinanda kizuri tu, ila kila nikimsindikiza mwalimu wangu wa udi kwenye Rasti, ile makamu (skeli) ya Kiarabu, ananisimamisha, anasema mwanangu hiyo noti yako ya Mi iko juu. Na kweli, ile sauti inakaa katikati, siyo kitufe cheupe siyo cheusi. Nikaambiwa nitafute kinanda kinachoruhusu kuteremsha noti moja moja, nikapata Korg Pa600 kwa mtu anahama. Unaingia kwenye skeli, unachagua Mi na Si, unazishusha senti 50, yaani nusu ya nusu toni. Mwalimu akasikiliza akasema pandisha kidogo, tukaishia 40, akafumba macho akaanza kupiga. Anayetaka kupiga mambo ya pwani aulize hilo kabla hajauliza bei.

Msee wa Nairobi
Mimi sina kinanda chenye sauti. Nilikua tayari na laptopu na FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, nikaenda mtaa wa Luthuli nikanunua kibodi ya midi ya vitufe 25, haina sauti yake, inatuma tu noti kwa kompyuta kupitia USB. Ni rahisi na inaingia kwa begi, lakini mikono miwili haitoshei hapo, nikabadilisha nikachukua ya 49. Kitu ilinisumbua wiki mzima ni kuchelewa, nagonga sasa, sauti inakuja baadaye, hadi nikadhani kibodi ni mbovu. Kumbe ni setingi, nikaweka draiva ya sauti ya ASIO, nikashusha bafa, ile sauti kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa, kutoka sampuli 1024 hadi 128, ikashika hapo hapo. Kama huna laptopu ya nguvu usifuate njia yangu, utaumia.

Fundi, Mwanza
Naongezea kwa wanaonunua yametumika. Kwenye vinanda vinavyosikia nguvu ya kidole, chini ya kila kitufe kuna mpira wenye madoa mawili meusi ya kaboni, moja linagusa kabla ya lingine, na kinanda kinapima muda kati yao ndo kinajua umepiga kwa nguvu au taratibu. Vumbi au chumvi ya pwani ikiingia hapo, noti inapiga kelele ghafla hata ukiigusa polepole, au haitoi kitu. Kwa hiyo dukani usipige wimbo wako wa kuringishia. Piga kitufe kimoja kimoja, taratiiibu, kuanzia chini mpaka juu, muuzaji akichukia achukie. Kusafisha mipira siyo gharama kubwa, ila ujue mapema ukate bei.

Kijana wa kwaya
Nashukuru sana kaka na dada zangu. Mi nna laki nane, nasindikiza kwaya Jumapili, ila nimeanza na kutunga, laptopu sina. Kross mpya siifikii.

Mpiga kinanda, Moro
Mdogo wangu, kwa hali yako chukua arenja ya vitufe 61, hakikisha vinasikia nguvu ya kidole maana zipo za bei ya chini ambazo hazisikii, iwe na tundu la pedali ya sastaini, ile ya mguu inayorefusha sauti, na la USB ya kuunganisha na kompyuta, siku ukipata laptopu itakua ndo kibodi yako ya midi. Usilipie kwanza. Mazoezi yetu ni Jumamosi saa kumi, wahi saa tisa, nitakuja na Yamaha na Kross zote mbili ukae uzipige.