Osteoklasti, selivunja au vunjamfupa: nichapishe lipi?

Mtafsiri_Moro: Wakuu, bango linaenda kwa mchapaji Ijumaa. Ile seli inayobomoa mfupa niiandike osteoklasti, selivunja au vunjamfupa?

DadaNesi: Bango la nani, wanafunzi au wagonjwa? Litabandikwa wapi? Hujasema.

Mwl_Biolojia: Osteoklasti. Kölliker, mwanaanatomia Mswisi aliyefundisha Würzburg, Ujerumani, aliliunda mwaka 1873 kwa Kigiriki: osteon ni mfupa, klastos ni kilichovunjwa. Osteoblasti, seli inayojenga mfupa, ni neno la Gegenbaur, mwanaanatomia Mjerumani; lina blastos, chipukizi. Mwanafunzi akiishika mizizi hiyo hapotei.

DadaNesi: Mwalimu, mimi nilipotea. Mwaka wa pili chuoni tuliulizwa kuhusu bibi aliyevunjika nyonga kwa mifupa kudhoofika. Somo nililijua. Lakini kila palipotakiwa klasti niliandika blasti, kurasa tatu nzima. Nikafeli, nikarudia mtihani, mama akauza mbuzi wawili nipate ada. Mpaka leo nikiyaona maneno hayo nasimama kwanza. Laiti ningeanza na “inayovunja” na “inayojenga”!

MzeeKombo: Pole sana, binti yangu. Ila selivunja halikai. Selimundu, neno linaloigwa hapo, ni nomino mbili, seli na mundu. Vunja ni kitenzi. Vunjamfupa limeundwa kama vunjajungu, neno letu la zamani. Chukua hilo.

Mfamasia_K: Shikamoo mzee. Lakini seli hii haivunji! Inajibandika kwenye mfupa, inamwaga asidi inayoyeyusha madini, kisha vimeng’enya vinakula kolajeni, protini ya mfupa. Mlamfupa ndiyo sahihi.

Mwl_Biolojia: Mlamfupa watadhani fisi. Na kumbukeni, osteoklasti ni jina pia la chombo cha kuvunjia mfupa uliounga vibaya.

Mfamasia_K: Basi hiyo ndiyo sababu ya kuliacha, mwalimu.

MzeeKombo: Na “seli” mnaing’ang’ania ya nini? Chembe hai lipo.

Mwl_Biolojia: Mzee, chembe hata ya mchanga ni chembe. Seli imeshazoeleka darasani.

MzeeKombo: Hospitali wanasema chembechembe nyekundu za damu na kila mtu anaelewa.

Mtafsiri_Moro: Samahani wakuu, bango ni la kliniki ya wazee.

DadaNesi: Ungeanza na hilo! Basi andika “seli zinazobomoa mfupa”, yatosha.

Mtafsiri_Moro: Nafasi ni ya neno moja tu, dada. Mchoro umejaa.

MzeeKombo: Vunjamfupa.

Mfamasia_K: Haivunji, mzee wangu.