Mjadala: Madarasa ya jioni ya watu wazima Mwanza yahamie kwenye simu?

Mwalimu wa Jioni (Igogo)
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Kwa kuwa mahudhurio ya jioni ni hafifu, wapo wanaosema vituo vya QT (mtihani wa maarifa kwa wanaosoma nje ya shule) vifunge madarasa, wanafunzi wasomee kwenye grupu la WhatsApp na kufanya kazi kwenye hati moja ya Google ambayo kila mmoja anaweza kuandika.

Mimi napinga kufunga darasa, ingawa hati hiyo naitumia na kazi yake nimeiona. Juzi kikundi kiliandika barua rasmi ya kuomba eneo la biashara. Muuza mitumba mmoja akaweka "YAH:" juu ya "Ndugu". Mwenzake akaishusha, mwenye mitumba akairudisha, wakabishana kwenye grupu mpaka wa tatu akapiga picha ukurasa wa kitabu. Kwenye daftari ningeona barua iliyokamilika tu. Huku nimeona nani kaandika nini, nani kafuta, saa ngapi.

Lakini wanaoandika ni wale wale wenye simu janja. Wenye kitochi wanasimuliwa.

Halafu Mwanza hatuanzi leo. Mradi wa kisomo wa serikali na UNESCO, 1968 hadi 1972, ulikuwa na makao yake hapa, ukafundisha watu kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi na migomba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Ila watu walikaa kikundi, wana kiongozi na kitabu. Kipindi kikiisha wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Redio haikuvunja vikundi. Ndiyo kwanza ilivihitaji.

Dagaa wa Usiku (Ukerewe)
Mwalimu, kwa heshima, wewe unamsemea mtu anayefika kituoni kwa mguu. Sisi wa dagaa giza likiingia tuko ziwani na taa, tunapumzika mbalamwezi tu. Ratiba yako ya saa 11 jioni haijui mwezi. Hati naifungua mchana nikishaamka, dagaa wameshaanikwa. Naona nilipokosolewa, nauliza kwa ujumbe wa sauti, jibu nalikuta kesho yake. Mkibaki na darasa peke yake, mimi nimeshafeli kabla ya mtihani.

Mama Lishe (Mabatini)
Bando mbona mnaliruka? Mimi nanunua la siku. Video moja ya hesabu inalimaliza lote kabla mwalimu hajafika kwenye jibu. Tumeni maandishi na picha ya ubao, inatosha.

Na kuna aibu, tusidanganyane. Darasani nikikosea herufi anaona mwalimu. Kwenye hati wanaona wote, na wengine humo ni wateja wangu. Mtu mzima anayesomesha watoto halafu na yeye yuko QT hataki kuchekwa. Mimi naandika kwenye daftari kwanza, namwonyesha binti yangu, ndipo naingiza.

Reseta (Nyegezi)
NECTA, Baraza la Mitihani, hawana hati ya pamoja. Mle ndani ni peni na karatasi, kila mtu na lake. Grupu letu la mwaka jana lilikuwa la kukopi na kupesti: mmoja anafanya, sisi tunamtumia vidole gumba. Matokeo yalipotoka grupu likawa kimya wiki nzima.

Mwalimu wa Jioni (Igogo)
Reseta, hapo ndipo rekodi ya hati inasaidia. Asiye na mstari wake mwenyewe mimi simpi alama, hata kama jibu la kikundi ni sahihi. Mama, hoja ya aibu naikubali kabisa: hati ya watu wawili wawili, si ya darasa zima, na mimi nakosoa kwa ujumbe wa faragha. Ndugu yangu wa Ukerewe, sikusema grupu lifutwe. Tuweke vipindi vya ana kwa ana siku za mbalamwezi, siku za giza kazi iwe kwenye hati.

Bando ndilo gumu. Naona kituo kiweke waifai ya jioni, watu waje wapakue masomo ya wiki. Wakishafika, darasa si limeshajaa?

Dagaa wa Usiku (Ukerewe)
Limejaa watu wa mjini. Sisi hiyo waifai tutaivuta kwa nyavu? Kalenda ya mbalamwezi naipokea, ila waifai hiyo iwekwe na huku Nansio.